Vifungo vya Paa

Kabla ya kutia ngazi ukutani, fundi aliizunguka nyumba nzima na kisu kidogo cha kumenyea mihogo mkononi. Kila alipofika kwenye nguzo aliinama, akafukua udongo kwa vidole pale nguzo inapozama ardhini, kisha akaichoma kwa ncha ya kisu. Ncha ikigota, alipita. Ncha ikizama, alisimama, akachoma tena upande wa pili, halafu akachora alama ya mkaa ukutani juu ya nguzo ile. Alipomaliza mzunguko kulikuwa na alama tatu, mbili za uani na moja kwenye kona ya kusini. Hakuwa amesema neno tangu salamu.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, kisiwani Mafia. Redio zilikuwa zikisoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu mgandamizo mdogo wa hewa baharini, ambao ulikuwa unageuka kuwa kimbunga kilichopewa jina la Hidaya na kuelekea pwani yetu. Wananchi waliombwa wachukue tahadhari. Ni neno tunalolisikia kila msimu wa mvua, nasi huitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zetu. Siku ile nilipata bahati ya kuona tahadhari inavyochukuliwa kwa mikono, hatua kwa hatua, na mtu anayejua anachokifanya.

Pwani yetu haina mazoea na vimbunga. Mafia iko takriban nyuzi nane tu kusini mwa ikweta, na kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayozisokota dhoruba inavyopungua. Vimbunga vingi vya upande huu wa bahari vinavyofika nchi kavu hupiga Madagaska au Msumbiji. Lakini vingi si vyote. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na minazi kwa wingi wa kutisha. Pemba ilinusurika, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth alipita Komoro akaipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma, huku watu wa Mtwara wakikaa macho. Mwaka 2021 Jobo alitujia karibu, kisha akafifia kabla ya kutua. Kwa hiyo jambo hili hutokea, ila hutokea kwa nadra kiasi cha kizazi kizima kuweza kujenga na kuhama bila kuliona, na ndiyo sababu ujuzi wake hubaki kwa watu wachache.

Nyumba ni ya shangazi yangu, si mbali na Kilindoni. Ni ya miti na udongo, vyumba vinne na ukumbi katikati, baraza mbele, jiko la makuti uani. Ilipojengwa iliezekwa makuti. Baadaye watoto walipopata kazi Dar es Salaam wakaitia mabati. Fundi huyu ndiye aliyeezeka yale makuti ya kwanza wakati wa ujana wake; mabati yaliwekwa na wengine. Sasa ana mvi, anavaa kofia ya viua iliyofuliwa hadi rangi ikaisha, na vijana wawili humfuata wakiwa na ngazi, nyundo, koleo, msumeno na mzigo mkubwa wa kamba za usumba.

Aliponiona namfuata nyuma akanionyesha juu kwa kisu chake.

"Makuti ni mazito, na yanapumua," alisema. "Upepo unapenya, unapita zake. Bati ni jepesi, na limeziba. Mlibadilisha paa, mwanangu, vifungo mkaviacha vilevile."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungulia macho. Sisi tusio mafundi tunadhani kazi ya ukuta ni kulibeba paa lisianguke. Upepo mkali hauliangushi paa. Unapopita juu ya bati kwa kasi hulivuta kwenda juu, na ukipata tundu la kuingilia ndani hulisukuma kutoka chini. Paa la kawaida halikufungwa dhidi ya safari hiyo; limelazwa tu juu ya ukuta na kupigwa misumari michache. Na nguvu ya upepo haikui sambamba na kasi yake: ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, nguvu inayolikabili paa inakuwa mara nne. Fundi hakuzungumza kwa hesabu hizo. Yeye alizungumza kwa vifungo: nguzo ishikwe na ardhi, mtambaapanya ushikwe na nguzo, kenchi ishikwe na mtambaapanya, papi ishikwe na kenchi, bati lishikwe na papi. Akavihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, na vilipotimia vitano akafumba ngumi. Kisha akaanza kazi kutoka chini kwenda juu.

Zile nguzo tatu zenye alama hakuzing'oa. Kuzing'oa kungebomoa ukuta, na muda haukuwepo. Kando ya kila moja alichimba shimo la kina cha paja, akasimamisha nguzo ya pili, boriti ya mkoko iliyotoka kwenye banda la zamani la jirani, ngumu na nyeusi kwa miaka. Nilitegemea arudishe udongo wote kwa mkupuo. Hapana. Alitia makoleo mawili matatu, akamwachia kijana ashindilie kwa mti mzito, akaangalia, akatia tena. Kijana alipotaka kuharakisha alimshika bega tu. Udongo wa Mafia una mchanga mwingi na masika ilikuwa imeulowesha. Ukishindiliwa juu pekee, chini hubaki na uwazi, na nguzo itacheza siku inapotakiwa isimame. Shimo moja lilichukua karibu saa nzima kulijaza. Halafu nguzo mpya na ya zamani zikafungwa pamoja kwa waya, chini, katikati na juu.

Juu ya nguzo ndipo ulipo mtambaapanya, ule mti unaolala mlalo juu ya kuta zote na kupokea miguu ya kenchi. Hapa ndipo niliposogea karibu, nikapanda ngazi ya pili nione.

Waya alioutumia ni ule mweusi laini wa kufungia nondo, unaouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Waya mmoja hauna nguvu ya maana, kwa hiyo aliukunja mara nne ukawa kamba ya chuma. Akatoboa udongo wa ukuta kwa mtarimbo, chini kidogo ya mtambaapanya, akapitisha waya nyuma ya nguzo, akaupandisha juu ya mtambaapanya, akauzungusha kwenye mguu wa kenchi kwa kukatisha, akaurudisha. Ncha zote mbili zikakutana upande wa ndani. Akaingiza msumari wa inchi sita kwenye kitanzi akaanza kuunyonga. Mizunguko ya kwanza ilikuwa ya haraka, waya ukikusanya ulegevu wake. Kisha akapunguza. Kila nusu mzunguko alisimama, akaugusa waya kwa ukucha wa kidole gumba na kusikiliza. Mwanzoni haukutoa sauti. Baadaye ukatoa mlio mzito, halafu mwembamba. Ulipofika mwembamba kiasi alichokitaka akaacha, akachomoa msumari, akakunja ncha za waya na kuzipigilia ndani ya udongo zisije zikamchana mtoto.

Nilimwuliza anajuaje pa kuachia. Akaunyonga waya mwingine mfupi, mabaki tu, mbele yangu. Mlio ukapanda, ukapanda, kisha ghafla ukashuka, na nusu mzunguko baadaye waya ukakatika. "Ukishuka, umeshachelewa," alisema, akatupa vipande kwenye kopo ili visibaki uwanjani.

Kenchi zilikuwa nyingi, na kila mguu ulihitaji kifungo chake. Alifunga vyote. Hakuna aliyekuwa akimkagua. Shangazi alikuwa uani, vijana walikuwa nje. Kwenye pembe ya giza nyuma ya dari ya chumba cha mwisho, ambako hakuna mgeni atakayewahi kutazama, alikaa muda uleule aliokaa juu ya mlango wa mbele, na akausikiliza waya vilevile.

Mabati yalikuwa membamba, ya geji 30, kama yalivyo mengi ya nyumba zetu. Tatizo la bati jembamba ni kwamba upepo unaweza kulivua kupitia kichwa cha msumari: msumari unabaki umesimama kwenye papi, bati linaondoka na tundu lake. Fundi alikuwa na dawa ya hilo ndani ya mfuko wa shati, vipande vya mpira alivyovikata kutoka kwenye ndala zilizochakaa, kila kimoja kikubwa kuliko shilingi. Kila msumari mpya ulivalishwa kipande kabla ya kupigiliwa, kwenye mgongo wa bati na kamwe si kwenye bonde lake, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita. Katikati ya paa aliongeza misumari kwa kuruka migongo. Kwenye kingo, juu ya kilele na pembe zote, alipiga kila mgongo bila kuruka, kwa kuwa upepo huanzia pembeni. Ukishapata ukingo mmoja wa kushika, bati la pili haliusumbui.

Juu ya paa kulikuwa na mawe manne na tairi bovu, vilivyowekwa zamani na mtu aliyedhani anasaidia. Aliviteremsha vyote. Jiwe lililo juu ya paa, upepo ukilitikisa, litashuka kwa mtu. Badala yake vijana walijaza mchanga kwenye viroba, nusu nusu, wakavifunga viwili viwili kwa kamba na kuvipandisha vining'inie kila kimoja upande wake wa kilele, vikilalia pale papi zinapopita. Kiroba kilichojaa pomoni ni kigumu na huviringika. Kilicho nusu hulala, kikaufuata mgongo wa bati, kikatulia.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya kamba, na hapo ndipo nilipoiona akili ya kazi hii kwa ukamilifu wake.

Kamba zenyewe zilisokotwa na wanawake wa kisiwani kwa makumbi ya nazi, yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi hadi nyama yake ikaoza na kubakiza nyuzi, kisha yakapondwa, yakaoshwa, yakasokotwa juu ya paja. Usumba haujali maji ya chumvi, ndiyo maana mabaharia wa pwani hii wamefungia vyombo vyao kwa kamba hizo karne na karne. Fundi alizilowesha kwenye pipa kwanza ili zilainike, asije akazivunja nyuzi kwenye kona. Kisha akaenda kuchimba nanga.

Mtu mwingine angepiga vigingi. Yeye alikipiga kimoja mbele yangu, akakishika kwa mikono miwili, akakitikisa, kikatoka kwenye mchanga uliolowa bila ubishi. Akakitupa. Alichimba mtaro mfupi, wa kina cha kupita goti, akalaza kipande cha gogo mlalo chini kabisa, akafunga kamba katikati ya gogo, akaipandisha juu kupitia mfereji mwembamba ulioinama kuelekea nyumba. Udongo ukarudishwa kwa utaratibu uleule wa kidogo kidogo. Ili kung'oa nanga ya namna hiyo, upepo unapaswa kuunyanyua udongo wote uliolalia gogo. Nanga zilikuwa nane, nne kila upande wa nyumba, na kamba nne zikavuka juu ya paa kutoka nanga hadi nanga. Palipo na ukingo mkali wa bati alikunja gunia chini ya kamba ili isikatwe.

Kwa nini pande zote mbili? Jirani aliyekuwa akitazama alisema Mei upepo ni wa kusi, inatosha kufunga kwa ajili ya kusini. Fundi, ambaye kabla ya kuwa fundi wa nyumba alifanya kazi vyomboni, alimjibu kwa upole kwamba kusi halizunguki, kimbunga kinazunguka. Na ndivyo ilivyo. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kikiwa bado mashariki ya kisiwa, upepo unaotufikia hutoka kusini, na mtu anaweza kudhani ni lile kusi la kila mwaka limepata hasira. Kitovu kikipita juu ya kisiwa, upepo hukatika ghafla. Asiyejua hutoka nje kukagua hasara. Kisha upepo hurudi, mara hii kutoka kaskazini, na kuikuta nyumba iliyojiandaa kwa upande mmoja. Alimweleza jirani yule mara mbili, bila kuinua sauti, na mchana nikamwona jirani akichimba nanga zake upande wa kaskazini.

Lililoniuma kulitazama ni baraza. Paa lake lilikuwa limeunganishwa na la nyumba, limetokeza mbele, wazi chini. Fundi alisema hilo ni tanga, na likishika upepo litaondoka na paa zima. Mabati ya baraza yakavuliwa moja moja, misumari ikanyooshwa na kurudishwa kwenye kopo, mabati yakalazwa ukumbini chini ya mkeka. Nyumba ilibaki na uso mtupu. Shangazi aliitazama kwa muda kisha akasema, "Haya, kaka. Endelea." Mume wake ndiye aliyeijenga baraza ile.

Jiko la makuti, kinyume chake, halikuongezewa msumari hata mmoja. Alilitandikia wavu wa kamba wa matundu makubwa, akaufunga kwenye nguzo kwa ulegevu kidogo. Makuti yaachwe yapumue, alisema. Yakiondoka machache, yanashonwa mengine.

Ndani ya nyumba kulikuwa na fundi wa pili, na sitatenda haki nikiandika juu ya paa pekee. Shangazi yangu aliianza kazi yake Alhamisi alfajiri, kabla hata fundi hajafika, na alianza na maji. Mvua kubwa ikifurika, kisima huingiliwa na uchafu wa vyoo, na baada ya hapo maji yote yaliyo mbele yako si ya kunywa. Kwa hiyo alichota yangali safi. Lilijaa pipa, yakajaa madumu ya lita 20, yakajaa masufuria makubwa ya shughuli yanayotoka mara moja kwa mwaka, kwa maulidi. Kila chombo kilifunikwa, na vya kunywa vikafungwa utepe mwekundu wa kanga kuukuu ili kesho, gizani, mtu asinawie maji ya kunywa. Kisha kisima chenyewe kikafunikwa kwa mbao, juu yake turubai, juu yake udongo.

Akaingia jikoni. Alipika vitu visivyohitaji moto tena: mihogo ya kuchemsha, samaki waliokaangwa hadi wakakauka, mkate wa kumimina. Ng'onda ziliteremshwa kutoka juu ya moshi zikafungwa kwenye karatasi. Kuni kavu zilihamishiwa uvunguni mwa kitanda, kwa kuwa mtu akitaka kupika baada ya dhoruba atakuta kuni zote za kisiwa zimelowa. Ijumaa alasiri aliyamwagia maji mafiga, akayakoroga majivu kwa kijiti, akamwagia tena. Upepo mkali na cheche moja kwenye jiko la makuti huweza kuteketeza kile ambacho kimbunga kingekiacha.

Karatasi za nyumba alizitia kwenye ndoo tupu ya rangi, ile yenye mfuniko wa kubana. Nilimsaidia, akanizuia nisizitie ovyo. Chini ilikaa hati ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa, katikati vitambulisho na kadi za kliniki za wajukuu, juu kabisa dawa zake za presha, tochi, betri na fedha kidogo. Kinachohitajika haraka kinakaa juu. Mfuniko ukagongwa kwa ngumi kuzunguka duara lote. Ndoo hiyo iliwekwa karibu na mlango wa uani, na viatu vya kila mtu vikapangwa kando yake, kwa sababu asubuhi ya baada ya dhoruba uwanja huwa umejaa mabati na misumari.

Halafu akatembea. Aliwachukua wajukuu wawili wakaenda hadi shule, yenye kuta za matofali, kwa njia ambayo wangeifuata ikibidi kuhama usiku. Hakuichagua njia fupi, kwa kuwa hiyo inapita chini ya minazi. Njiani aliingia kwa bibi mmoja asiyeweza kutembea, akakubaliana na vijana wa nyumba ya pili nani atambeba, na kwa kiti gani. Waliijaribu kazi hiyo palepale, bibi akiwa amekaa kitini, wakamtoa mlangoni na kumrudisha. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko walivyodhani. Ikabidi kiti kiinamishwe. Afadhali kulijua hilo mchana.

Nje, mkwezi alikuwa amemaliza minazi ya jirani na sasa yuko kwenye yetu, akiangua nazi zote, mbivu na changa, na kukata makuti makavu na makarara. Mnazi wenyewe hupinda na kuvumilia; nazi zake ndizo huua. Pwani, ngalawa zilikuwa zimeburutwa hadi juu kwenye mikoko, milingoti imeshushwa, matanga yamepelekwa majumbani. Wavuvi walikuwa wakifarijiana kwa jambo moja la kweli: mwezi wa Mfunguo Mosi ulikuwa umepita robo yake ya mwisho, na maji yalikuwa maji mafu. Kimbunga kingechelewa siku nne au tano tu, kingelikuta bamvua.

Baada ya sala ya Ijumaa fundi alirudi na kuifanya kazi ambayo kwangu ndiyo iliyokamilisha nyingine zote. Aliizunguka nyumba upya, bila kisu wala nyundo, akivuta kila kamba na kugusa kila kifungo. Madirisha yote yalifungwa na kupigwa mbao za kukatisha. Mtu alisema amesikia ni vizuri kuacha dirisha moja wazi ili upepo upate pa kutokea. Fundi alitikisa kichwa. Upepo uliokaribishwa ndani hautafuti dirisha la kutokea, unatafuta paa. Kwenye kona ya kusini alikuta kamba moja imelegea kidogo baada ya kukauka juani. Hakuikaza kwa kuongeza fundo juu ya fundo. Aliifungua yote, akaanza upya.

Hidaya alifika Mafia Jumamosi ya tarehe 4, akiwa amepungua nguvu. Kulikuwa na upepo mkali na mvua nyingi, miti ikaanguka, na usiku huo mamlaka ikatangaza kwamba kimbunga kimepoteza nguvu. Bara ndiko mvua ilikofanya madhara makubwa zaidi: barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika maeneo ya Kilwa, ikiwamo Somanga. Nyumba ya shangazi haikupoteza bati hata moja. Jiko lilipoteza makuti ya upande mmoja, yakashonwa ndani ya wiki. Sitadai kwamba paa lile lilipambana na nguvu kamili ya kimbunga, kwa kuwa halikukutana nayo. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba lilikuwa tayari kukutana nayo.

Fundi alirudi kufungua. Kamba zilianikwa, zikakunjwa, zikatundikwa juu ya moshi wa jiko zisiingiwe na ukungu. Mchanga ulimwagwa, viroba vikakung'utwa. Mabati ya baraza yalirudishwa kwa misumari ileile iliyonyooshwa, safari hii kila papi ikiwa imefungwa kwa waya. Vifungo vya mtambaapanya aliviacha mahali pake. Hivyo ni vya kudumu, na gharama yake yote ilikuwa waya wa kufungia nondo na siku moja ya fundi.

Msimu wa vimbunga katika upande huu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba, na Hidaya ametuonyesha kwamba Mei bado si salama. Kama unaishi pwani chini ya paa la bati, panda juu ya dari yako wiki hii na tochi, utazame mahali kenchi inapokutana na mtambaapanya. Ukikuta misumari peke yake, mwite fundi sasa, angali ana nafasi ya kuusikiliza waya.